Ndoto kwa Pini na Sigara: Freud, Jung na Wazee wa Elgon

(Hotuba niliyoitoa Kitale mbele ya washauri nasaha, wauguzi na walimu. Nimeinyoosha hapa na pale kwa ajili ya msomaji.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wauguzi na washauri nasaha mliotoka Kapsokwony, Endebess na Kimilili, nanyi vijana wa chuo mliobanana kule nyuma mlangoni, hamjambo.

Mmeniomba nizungumzie ndoto na yale ambayo wachanganuzi nafsi, yaani wanaotibu nafsi kwa kumsikiliza mtu akijisimulia, wamesema kuzihusu. Najua kilichowaleta baadhi yenu. Kuna mtu hapa ameota jino limeng'oka, au ameota harusi ya ngoma na pilau, akaamka na hofu kwa kuwa nyanya yake alimfunza kwamba harusi ndotoni ni matanga. Amekuja aniulize maana yake. Nimwambie mapema asije akanisubiri saa nzima: sijui. Na yeyote atakayekupa maana ya ndoto yako kabla hajakuuliza inakukumbusha nini, hata awe na shahada tatu, kuna kitu anakuuzia.

Hilo ndilo nitakalolishika leo. Uchanganuzi nafsi ulianza kwa kumrudishia mwenye ndoto haki ya kuisemea, halafu wachanganuzi wenyewe wakaanza kumpokonya. Mmoja wao alifika hadi mlima huu tunaouona dirishani.

Tuanze Vienna. Daktari Sigmund Freud alitoa kitabu chake cha kufasiri ndoto Novemba 1899, ingawa mchapishaji alikipiga mwaka 1900 jaladani. Zilichapwa nakala 600, na zilichukua miaka minane kuisha. Leo tunamwona jabali. Wakati ule alikuwa daktari wa miaka 43 mwenye watoto sita na wagonjwa wa kuhesabika. Baba yake alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na baadaye Freud alikiri kwamba kitabu kile kilikuwa kwa namna fulani matanga yake mwenyewe.

Kabla yake watu walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya Nabii Yusufu mbele ya Firauni. Ndoto inachukuliwa nzima nzima, ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, inageuzwa kuwa habari nyingine yenye umbo lilelile, miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Njia hiyo yataka kipaji. Freud alikuwa na uhusiano wa pekee na jina hilo. Anasema kwamba akina Josef walipojitokeza ndotoni mwake, yeye ndiye aliyekuwa amejificha nyuma yao, maana Yusufu ndiye mwaguzi mashuhuri wa ndoto katika Biblia.

Njia ya pili ni ya kitabu. Unafungua, unatafuta "nyoka", unasoma "adui". Pale Mombasa, ukipita kwenye maduka ya vitabu yaliyo karibu na misikiti, utaviona bado vikiuzwa vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyonasibishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa kale wa Kiislamu, na siku hizi watu wanatumiana kurasa zake kwenye simu. Haya si ya Waislamu peke yao wala ya Waafrika peke yao. Vienna ya Freud nayo ilijaa vitabu vya namna hiyo. Karne ya 2, Artemidorus wa Daldis, aliyeandika kwa Kigiriki, alikwisha kuona kasoro yake. Alitaka kwanza ajue aliyeota ni nani: tajiri au maskini, ana mke au ni mseja. Ndoto ni moja, maana hazilingani. Freud anamsifu, halafu anaongeza jambo dogo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote kitabuni. Kwa Artemidorus, kinachohesabiwa ni kile ambacho picha ya ndotoni inamkumbusha mwaguzi. Kwa Freud, ni kile inachomkumbusha mwenye ndoto.

Mbinu yenyewe haina makuu. Ikate ndoto vipande. Chukua kipande kimoja kimoja, useme chochote kinachokujia, hata kiwe cha kipuuzi, hata kiwe cha aibu, bila kuchagua. Daktari anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kunakotushinda wengi katika kazi hii.

Chukueni ndoto ya mtihani. Nani hapa hajawahi kuota yuko kwenye chumba cha mtihani, karatasi zimegawiwa, na hajui hata swali moja? Naona mikono, na baadhi ya wenye mikono hiyo KCSE waliimaliza kabla hawa wa mlangoni hawajazaliwa. Freud naye aliota hivyo. Ndotoni alikuwa akitahiniwa botania, zuolojia au kemia. Katika masomo ya udaktari kuna mtihani mmoja alioanguka kweli, ule wa tiba ya mahakama, na huo hakuwahi kuuota. Alipolizungumza na wenzake wakaona kwamba ndoto hii huwajia watu mtihani waliokwisha kuupita, na huwajia wanapokabiliwa na jambo zito siku inayofuata, kana kwamba inawaambia: hata ule uliuogopa hivi hivi. Ni wazo zuri. Ila msikimbilie kulibandika ukutani ofisini. Msichana wa kidato cha nne anayeota mtihani huku karo haijalipwa na ametumwa nyumbani mara tatu muhula huu hana cha kufarijiwa nacho. Yeye anaota Jumatatu yenyewe inayomsubiri.

Sasa nataka tukae kidogo na ndoto moja, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha yote.

Julai 1895 familia ya Freud ilikuwa likizoni Bellevue, nyumba iliyo kilimani nje kidogo ya Vienna. Alikuwa amemtibu mjane kijana, rafiki wa familia, ambaye kitabuni anamwita Irma, na matibabu yakakatizwa njiani. Tarehe 23 daktari mwenzake, anayempa jina la Otto, akafika akitoka kumwona. "Anaendeleaje?" "Ana nafuu, ila hajapona sawasawa." Freud akaisikia lawama ndani ya sauti ile. Usiku huo akakaa akaandika historia yote ya mgonjwa ampelekee daktari mkubwa anayemwita M., kama mtu anayeandaa utetezi. Kisha akalala.

Akaota. Ukumbi mkubwa, wageni wengi, Irma yumo. Freud anamvuta kando kumkaripia: kama bado una maumivu, kosa ni lako mwenyewe. Irma anamjibu, laiti ungejua ninavyoumwa kooni na tumboni, nakabwa. Freud anashtuka, anampeleka dirishani, anamchungulia kooni. Anaona doa kubwa jeupe, na magamba ya kijivu juu ya vitu vilivyojikunja mfano wa mifupa ya ndani ya pua. Anamwita Dkt. M., ambaye ndotoni amepauka, anachechemea, na ndevu hana. M. anatamka kwamba ni ambukizo, lakini si neno, mgonjwa atahara damu na sumu itatoka. Hapo wote wanajua ugonjwa ulikotoka: Otto alimdunga sindano. Freud anaiona hata fomula ya dawa, trimethilamini, kwa herufi nzito. Sindano kama zile hazidungwi ovyo. Na huenda bomba lenyewe halikuwa safi.

Wauguzi mnacheka. Mnaujua utetezi huo. Irma anaumwa kwa sababu ni mkaidi. Tena anaumwa ugonjwa wa mwili, ambao si kazi ya Freud. Tena anaumwa kwa sababu Otto alitumia sindano chafu. Freud mwenyewe anaulinganisha na kisa cha mtu aliyeazima sufuria kwa jirani akairudisha imetoboka. Alipodaiwa alisema kwanza niliirudisha nzima, pili ilikuwa na tundu nilipoichukua, tatu sikuazima sufuria yoyote kwako. Kwa hiyo, akahitimisha Freud, ndoto hii ni tamanio lililotimizwa: tamanio la kutolaumiwa. Akafurahi kupita kiasi. Juni 1900 alimwandikia rafiki yake wa Berlin, Wilhelm Fliess, akimwuliza kama siku moja nyumba ile itabandikwa kibao cha marumaru kusema kwamba hapo, Julai 24, 1895, Dkt. Sigm. Freud alifunuliwa siri ya ndoto. Kibao kiliwekwa kweli, 1977.

Lakini angalieni asichokitaja. Mapema mwaka uleule, Freud alikuwa amemkabidhi Fliess, daktari wa pua, mgonjwa wake mwingine aitwaye Emma Eckstein, amfanyie operesheni puani. Jeraha likaoza. Mwezi Machi daktari mwingine alipolichunguza aliona kama uzi, akauvuta, ukatoka utepe wa shashi wa karibu nusu mita ambao Fliess aliusahau ndani. Damu ikafoka. Emma alikaribia kufa Freud akitazama. Sasa rudini ndotoni: mwanamke anayechunguzwa, mifupa ya pua, daktari mzembe, chombo kichafu. Emma hatajwi kitabuni hata kwa jina la bandia. Ulimwengu ulikuja kuliunganisha jambo hilo 1966, pale Max Schur, daktari aliyemhudumia Freud hadi kifo chake London mwaka 1939, alipoandika juu ya barua zilizokuwa zimefichwa. Freud kwa uungwana anakiri kwamba hakusema yote aliyoyajua kuhusu ndoto ile. Ila haki ya mwenye ndoto ndiyo hiyo pia, ya kufika mahali akasema hapa basi.

Kutokana na ndoto hiyo na nyingine nyingi, zake na za wagonjwa, akajenga nadharia ambayo vijana wa chuo mtaulizwa, kwa hiyo niipitie. Kuna ndoto tunayoisimulia asubuhi, na kuna fikra zilizositirika nyuma yake. Kati ya hizo mbili kuna kazi inayofanyika. Watu kadhaa wanabanwa kuwa mtu mmoja, kama Irma anavyobeba sura za wanawake zaidi ya mmoja. Uzito unahamishwa kutoka jambo kubwa kwenda dogo. Fikra zinageuzwa picha. Mwishowe akili inashonashona vipande vifanane na hadithi. Malighafi inatoka kwenye masalio ya jana: ulichokiona, ulichoambiwa, ulichokatiza. Nguvu inatoka kwenye ung'amuzi bwete, sehemu ya nafsi isiyojijua, ambako tumeyafungia matamanio tusiyothubutu kuyakiri. Yakitoka bila kujifunika yatatuamsha. Yakijifunika tunaendelea kulala. Mtoto mdogo hana cha kufunika. Binti yake, Anna, alipokuwa na miezi 19 alitapika asubuhi akanyimwa chakula kutwa. Usiku wakamsikia usingizini akilitaja jina lake, halafu stroberi, stroberi za porini, mayai, uji.

Je, yote haya ni kweli? Tangu 1953, watafiti wa Chicago walipogundua usingizi ule ambao macho hucheza chini ya kope, wanasayansi wamekuwa wakibishana. Mwaka 1977 Hobson na McCarley wa Harvard walisema ndoto ni shina la ubongo linarusha ishara ovyo na sehemu ya juu inajitahidi kuzipa maana. Baadaye Mark Solms, mtaalamu wa Afrika Kusini, akachunguza watu walioumia ubongo na kuonyesha kwamba ndoto hupotea zinapokatika njia za sehemu ya mbele zinazohusika na kutaka na kutafuta, jambo lililowapa wafuasi wa Freud pumzi. Mimi si mtaalamu wa ubongo, nawaachia. Kwa mshauri nasaha, mtu aliyeketi mbele yako akisimulia ndoto anakupa simulizi, na simulizi hiyo ni yake hata kama chanzo chake ni shina la ubongo.

Kinachoniudhi kwa Freud ni kingine. Toleo baada ya toleo, kitabu kilinenepa kwa alama. Kufikia 1914 kuna sehemu nzima: fimbo, mwavuli na kisu ni uume, sanduku, kabati na jiko ni mwili wa mwanamke, kupanda ngazi ni tendo la ndoa. Mzee alionya kwamba alama zisitumike bila kumsikiliza mwotaji, lakini nani anasoma onyo? Alikuwa amekifungia kitabu cha ndoto mlango wa mbele, kikaingia kwa dirisha la jikoni.

Ndipo anapokuja Carl Gustav Jung, Mswisi, mdogo wake kwa miaka 19. Walikutana 1907 wakapendana kama baba na mwana. Mwaka 1909 walisafiri pamoja kwa meli hadi Marekani, na njiani wakawa wanafasiriana ndoto. Jung akaota yuko ndani ya nyumba yake. Ghorofa ya juu ina samani za fahari za karne ya 18. Ya chini ni ya kale zaidi. Anashuka hadi chumba cha chini kabisa chenye kuta za Kirumi. Anainua jiwe sakafuni, anashuka tena, anaingia pangoni. Mavumbi, mifupa, vigae vya vyungu, na mafuvu mawili ya binadamu. Jung aliona pale historia nzima ya roho ya mwanadamu, tabaka juu ya tabaka. Freud hakujali nyumba. Alishika mafuvu tu: ni ya nani? Unatamani nani afe? Akarudia na kurudia. Jung akajua jibu linalotakiwa, akadanganya. Akasema ni ya mke wangu na shemeji yangu. Freud akaridhika.

Safari ileile Freud naye alieleza ndoto yake, Jung akamwomba habari kidogo za maisha yake ili waifafanue vizuri. Freud akamtazama kwa mashaka akamwambia hawezi kuhatarisha mamlaka yake. Haya tunayasikia kwa Jung peke yake, aliyeyasimulia uzeeni wakati mwenzake ameshazikwa, kwa hiyo yapokeeni kama mnavyopokea habari za talaka kutoka upande mmoja. Kufikia 1913 walikuwa hawaandikiani tena. Jung akaenda na nadharia yake: ndoto haifichi kitu, inasema kwa lugha yake; inasawazisha pale ambapo mchana tumeelemea upande mmoja; na chini kabisa kuna picha ambazo ni mali ya wanadamu wote.

Akatafuta mahali pa kuzihakikisha picha hizo. Novemba 1925 akashuka Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi, na baadaye akafika Kakamega kwa D.C., mkuu wa wilaya wa kikoloni, ambako alistaajabu kukuta kambi ndogo ya askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hospitali na hata nyumba ya wendawazimu. Kutoka hapo wakapanda kwa miguu, wapagazi mbele na askari pembeni, hadi mteremko wa Elgon, kwa watu aliowaita Waelgonyi. Nyinyi mnawajua: ni Wakony, ndugu zenu Wasabaot. Alikuwa na miaka 50, nywele zimeshakuwa nyeupe, wakamwita mzee. Akajifunza Kiswahili cha kuombea maji akaitisha baraza.

Akauliza habari za ndoto. Wakasema hawaoti. Akaleta zawadi ndogo ndogo: sigara, viberiti, pini. Hawaoti. Jung anakiri kwamba hakupata kitu, akadhani sababu ilikuwa hofu na kutoaminiana. Mwishowe laiboni mmoja mzee, yaani mganga na mwaguzi wa jamii, akamjibu, machozi yakimlenga. Zamani, alisema, malaiboni walikuwa na ndoto, wakajua kama kutakuwa na vita au maradhi, kama mvua itanyesha, mifugo ihamishiwe wapi. Babu yake bado alikuwa akiota. Tangu wazungu waje hakuna anayeota. Ndoto hazina kazi tena, kwani Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliliona jambo hilo kwa masikitiko ya kweli, nami simcheki: alielewa kwamba mamlaka ya ndoto yamehamia ofisini kwa D.C. Lakini hakujiuliza swali la karibu zaidi. Mtu aliyemdanganya Freud kuhusu mafuvu, kwa sababu hakuiamini mikono ambayo ndoto yake ingeangukia, anashangaa nini mzee wa Kikony asipompa ndoto kwa pini? Mwaka huo ni kodi ya nyumba na kipande shingoni. Vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi katika vita vya Wajerumani wengine hawakurudi. Mgeni amefika na barua za serikali na askari wenye bunduki, anataka kujua wazee wanaona nini usiku kuhusu vita na mifugo. Mimi ningekuwa yule laiboni ningejibu hivyo hivyo, tena ningeyasema kwa machozi.

Wala njozi hazikukauka milimani huku. Chini ya miaka 20 baadaye, Kimilili, Elijah Masinde alikuwa akihubiri Dini ya Msambwa na kuwataka wazungu waondoke. Serikali ilimpeleka hospitali ya akili ya Mathari mwaka 1945, akatoka 1947, na mwaka uliofuata dini ikapigwa marufuku, yeye akahamishiwa Lamu. Mkuu wa Mathari miaka hiyo alikuwa Dkt. J. C. Carothers, ambaye 1953 aliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Mlinganishe Jung na mwanamke mmoja wa Berlin. Charlotte Beradt, mwandishi wa habari, Myahudi, alianza kukusanya ndoto baada ya Hitler kushika madaraka 1933. Hakutoa zawadi. Aliwauliza mshonaji wake wa nguo, jirani, shangazi, muuza maziwa, bila kuwaambia kwa nini. Aliziandika kwa mafumbo, Hitler akawa "Mjomba Hans", kukamatwa kukawa "mafua", akazificha ndani ya vitabu, akazipeleka nje ya nchi, na 1966 akazichapisha. Zilikuwa zaidi ya 300. Moja ni ya mwenye kiwanda, aliyeiota siku chache tu baada ya Hitler kuingia. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anazuru kiwanda. Wafanyakazi wamepangwa safu mbili zikitazamana. Katikati amesimama yeye, tajiri wao, akijaribu kuinua mkono kwa saluti. Inamchukua nusu saa, mkono unapanda kidogo kidogo. Goebbels anatazama tu kama aliye kwenye mchezo wa kuigiza. Mkono unapofika juu anasema, "Saluti yako siitaki," anageuka kuelekea mlangoni.

Hebu mtu aniambie mkono ule unawakilisha nini. Ni mkono. Ni saluti. Beradt alikataa kuzifasiri kwa alama, akazipanga kando ya amri na matangazo ya serikali ya siku zile, na zikasomeka.

Aliyelisema hili kwa ukali kuliko wote ni Frantz Fanon, daktari wa akili aliyezaliwa Martinique. Mwaka 1950 Mfaransa Octave Mannoni alitoa kitabu juu ya nafsi ya Mmalagasi, kwamba Mmalagasi ana hulka ya kutaka kutegemea, kwa hiyo mkoloni hakumvamia, alimjazia pengo. Ushahidi wake mmojawapo ni ndoto. Mpishi anaota fahali mweusi mwenye hasira anamfukuza, anapanda mti anakaa hadi hatari ipite, kisha anashuka akitetemeka. Mvulana anaota askari Wasenegali wa jeshi la Ufaransa wanamkimbiza na bunduki, vishindo vyao kama vya farasi. Mannoni akafasiri kama alivyofunzwa: weusi ule ni baba, bunduki ni uume.

Fanon alimjibu 1952. Akauliza ndoto hizo ni za wapi na za lini. Ni za Madagaska ya uasi wa 1947, ambako kwa hesabu aliyoitaja waliuawa watu 80,000 (wanahistoria wangali wanabishania idadi). Akaleta ushahidi uliotolewa mahakamani Antananarivo na watu waliosimulia walivyoteswa polisi, na waliokuwa wakitumwa kutesa ni askari Wasenegali. Ndipo akaandika kwamba bunduki ya askari wa Kisenegali si uume. Ni bunduki hasa, aina ya Lebel 1916. Msidhani alikuwa adui wa uchanganuzi nafsi. Aliutumia kitabu kizima, na mwaka uliofuata alianza kazi hospitali ya Blida, Algeria, akitibu walioteswa na waliotesa. Alichodai ni kwamba ndoto irudishwe mahali pake na wakati wake, na katika kitabu chake cha mwisho Carothers naye alipata sehemu yake.

Freud mwenyewe alikuwa ameshaipata shida hii bila kwenda koloni lolote. Baada ya Vita vya Kwanza madaktari waliletewa askari ambao kila usiku walirudi kwenye handaki lilelile, mlipuko uleule, wakaamka wakipiga kelele. Tamanio gani linatimizwa hapo? Mwaka 1920 akaandika wazi kwamba ndoto hizo haziingii katika kanuni yake. Pale nafsi inarudia kidonda ikijaribu, kwa kuchelewa, kukimudu. Namheshimu kwa ukurasa huo kuliko kwa kibao cha marumaru.

Nimelileta hili kwenu kwa sababu ya kazi mliyo nayo. Kati ya 2006 na 2008 milima hii iliona kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) likikata watu masikio na kuua, na Machi 2008 ikaona jeshi likiingia, na wanaume waliochukuliwa wengine hawajarudi hadi leo. Mjane anayekuja kliniki Kapsokwony akakwambia anaota mlango unapigwa teke na mtu wa bunduki anaingia, usimwulize bunduki inawakilisha nini. Usimpe Ibn Sirin, usimpe Freud wa 1914, usimpe pepo. Mwulize jana kulitokea nini. Labda gari la polisi lilipita, labda alisikia jina fulani likitajwa kwenye mazishi. Mwulize ndoto inakatika wapi, kwa sababu jinamizi linalojirudia karibu kila mara lina mahali linapokatikia. Mwulize amemwambia nani mwingine, na kama hajamwambia yeyote, jiulize kwa nini amekuchagua wewe, na daftari ulilolishika mkononi analichukuliaje.

Akikubali, na akikubali tu, kuna njia ambayo imesaidia watu wengi wenye majinamizi ya namna hii. Mchana, kukiwa na mwanga na yeye ametulia, anaisimulia ndoto upya na kuibadilisha anavyopenda mwenyewe. Usimchagulie mabadiliko. Mwingine atauweka mlango wa chuma, mwingine atamwita mumewe aongee. Kisha anaipitia ile mpya kichwani dakika chache kila siku kwa wiki kadhaa. Ikiwa hali inazidi, anasikia sauti akiwa macho, au anasema hataki tena kuishi, hiyo imekuwa kazi ya hospitali, na siku hiyohiyo, wala usimwache aende peke yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mchana tutagawanyika vikundi vya watu watatu watatu tufanye zoezi la kuuliza na kunyamaza. Atakayetaka kutumia ndoto yake halisi aitumie, na asiyetaka atunge.